Ruhusa na Heshima

Je, kumnyima mtu ruhusa ni kumdharau? Ofisini kwetu mimi ndiye niliyegawa ruhusa za kufungua majalada katika kompyuta tuliyoitumia wote. Mwenzetu mmoja alipohamishwa kutoka uhasibu, niliona haya kumwondoa katika kundi la mishahara, nikidhani ni sawa na kumwita mwizi. Siku moja akakuta humo barua ya kumpunguza kazini, kabla mkuu hajamwambia.

Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Zamani niliuona huo ubahili. Kumbe mlango uliofungwa haumtuhumu mtu, humsitiri. Nikaanza kupunguza ruhusa, kwanza zangu mwenyewe.