Dubu Aliyefungwa Mdomo

Ndugu msomaji, wako wengi wanaodhani kuwa jina jema hurithiwa kama shamba la minazi: baba akifa, huwa la mwana. Je, ni kweli? Natuutazame ukoo mmoja wa Uingereza uliojipatia jina katika biashara ya fedha.

Ukoo huo ni wa Baring. Mwaka 1762 ndugu wawili, John na Francis, wana wa mfanyabiashara wa sufu aliyehamia Uingereza kutoka Ujerumani, walifungua nyumba ya biashara London, nayo ikaja kuwa benki kubwa. Nembo ya ukoo ni ngao ya buluu, yenye mshipi wa dhahabu katikati, na juu yake kichwa cha dubu, ambaye jina lake kwa Kiingereza hukaribiana kwa sauti na jina la ukoo. Lakini dubu huyo hakuachwa hivi hivi: amefungwa mdomo kwa kifungo cha dhahabu.

Naiona picha hiyo kuwa mfano wa mtu aliyekabidhiwa mali ya wenziwe. Nguvu anazo, na tamaa anayo. Kimzuiacho ni nini? Ni picha ya ukutani?

Mwaka 1890 benki hiyo ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mikopo ya Argentina, ikaokolewa na Benki Kuu ya Uingereza pamoja na mabenki mengine. Mwaka 1995 haikuokoka. Mfanyakazi wake huko Singapore, Nick Leeson, alikuwa akificha khasara katika hesabu nambari 88888. Aliweza kwa kuwa yeye ndiye aliyesimamia kununua na kuuza, na yeye ndiye aliyesimamia daftari. Mwaka 1994 wakaguzi wa benki yenyewe walishauri kazi hizo mbili zitenganishwe, hazikutenganishwa. London ikaendelea kupeleka fedha. Mficha maradhi kifo humuumbua: khasara ilifika pauni milioni 827, na benki ya miaka 233 ikauzwa kwa Waholanzi kwa pauni moja tu. Mwenyekiti wake wakati huo alikuwa Peter Baring, wa ukoo ule ule.

Khiyana ilikuwa ya Leeson, naye alihukumiwa kifungo. Lakini wakubwa wake waliridhika na faida aliyowaonyesha, wakaacha kuuliza. Dubu wa kwenye ngao alikuwa bado amefungwa. Wa dukani alikuwa wazi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu deni. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Tena wanaoambiwa humo si wezi, ni walioamini. Kuandika na kushuhudisha si kumvunjia mtu heshima, bali ni kumhifadhi na nafsi yake.

Basi ukiombwa hesabu ya fedha za upatu, za yatima au za msikiti, usikasirike ukasema, "Kwani hamjui mimi mwana wa nani?" Anayekuuliza hakukutukana. Amekufunga mdomo kabla hujala kisicho chako, na hiyo ni hisani. Jina la babu halizuii mkono wa mjukuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.