Je, Kuacha Dhambi Kunatosha Bila Kuiungama?

Wageni wafikao Bagamoyo wengi hawaondoki bila kuuona mlango wa kanisa letu la Msalaba Mtakatifu, wenye maandishi ya kuwaambia kwamba Dkt. Livingstone alipita pale. Sisi wenyeji tumezoea kuwaongezea yaliyobaki: kwamba aliyepita hakuwa hai; kwamba alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia; na kwamba Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, hata wakaufikisha pwani hapa Februari 1874. Kisha twaendelea na habari za Unguja, jinsi soko la watumwa lilivyofungwa mwaka 1873, na jinsi siku ya Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu lilivyowekwa Mkunazini, pale pale palipouzwa watu. Mgeni husikiliza, hutikisa kichwa, hutoa sadaka yake. Nasi huenda zetu tumefurahi, maana ni habari njema, na tena ni ya kweli.

Aliyetutia mashaka ni kijana mmoja wa darasa la kipaimara. Aliuliza, "Na kabla ya hapo, Kanisa letu lilikuwa likifundisha nini juu ya utumwa?" Mwalimu akamjibu kwamba Kanisa lilipinga utumwa siku zote. Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima leo. Hatumlaumu mwalimu, maana sisi sote tumelitoa, wengine wetu mimbarani.

Basi na tuyatazame yaliyokuwako. Mwaka 1701 lilianzishwa huko London Shirika la Kueneza Injili, lijulikanalo kwa herufi SPG, na Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye aliyekuwa rais wake. Mwaka 1710 akafa tajiri mmoja, Christopher Codrington, akaliachia Shirika mashamba mawili ya miwa katika kisiwa cha Barbados, pamoja na watumwa waliokuwamo. Shirika halikuwafungulia. Liliyaendesha mashamba yale kwa kazi ya watumwa zaidi ya miaka 120. Katika miaka ya mwanzo watu wale walichomwa kifuani kwa chuma cha moto chenye neno la Kiingereza "Society", yaani Shirika, ili akitoroka mmoja ijulikane ni mali ya nani. Walipokufa, walinunuliwa wengine. Na utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, serikali iliwalipa fidia mabwana, si watumwa. SPG ilipata pauni 8,823 na ushei kwa ajili ya watu 411. Watu wenyewe hawakupata kitu.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni matendo ya watu wachache wenye tamaa, wala si mafundisho ya Kanisa. Laiti ingekuwa hivyo! Mwaka 1711 Askofu William Fleetwood alihubiri mbele ya Shirika hilo hilo. Alisema maneno mengi mema: kwamba mtumwa ana roho sawasawa na bwana wake, na kwamba ni dhambi kubwa kumnyima Injili. Lakini akawatuliza mabwana wasiogope ubatizo, kwa kuwa mtumwa akibatizwa hawi huru kwa sababu hiyo. Mwaka 1727 Askofu wa London, Edmund Gibson, akawaandikia wenye mashamba barua ya kulithibitisha neno lilo hilo: Ukristo humtoa mtu katika kifungo cha Shetani, bali hali yake ya nje hubaki kama ilivyokuwa. Na mwaka 1807 ikachapishwa London Biblia iliyopunguzwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vile, na habari ya Musa kuwatoa Waisraeli Misri haikutiwa. Aliyeipunguza alijua vizuri kwa nini.

Msomaji wa hapa aweza kuuliza, Barbados yatuhusu nini? Wazee wetu waliletewa Injili na UMCA, ambayo ilizaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, ikafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hayo ni kweli, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mwaka 1965 UMCA na SPG ziliungana zikawa shirika moja, USPG. Nyumba mbili zikiunganishwa, madeni nayo huunganishwa. Hatuwezi kuupokea urithi wa Tozer na kuukataa urithi wa Codrington, kana kwamba tumeletewa masanduku mawili tukaambiwa tuchague.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Kanisa lilibadilika, hilo halina shaka. Lililofundisha mwaka 1727 kwamba maji ya ubatizo hayalegezi mnyororo, mwaka 1873 lilijenga altare juu ya soko la watu. Je, kubadilika huko hakutoshi? Kwa nini kuchimbua ya zamani?

Sisi tuliolelewa katika desturi ya kuungama tunalo jibu, ila hatujalitumia kwa Kanisa lenyewe. Mtu akija kwa padre kabla ya Pasaka akasema, "Padre, siku hizi siibi," padre atamwuliza, "Je, uliiba nini, na kwa nani, na umerudisha?" Kuacha kuiba ni jambo zuri, lakini si ungamo. Tena afadhali mtu huyo kuliko yule asemaye, "Mimi sijapata kuiba maisha yangu yote." Wa kwanza amenyamazia dhambi yake. Wa pili ameongeza ya pili juu yake. Nasi tuliposema kwamba Kanisa letu lilipinga utumwa siku zote tulikuwa katika hali ya huyu wa pili, ijapokuwa hatukujua. Na kutokujua kwetu kulikuwa na sababu: hakuna aliyetuambia, kwa kuwa waliojua walianza hadithi mahali panapopendeza.

Hapa pana ugumu ambao hatutaki kuuruka. Nabii Ezekieli afundisha kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Kisha, baba yetu ni nani? Waumini wengi wa pwani hii ni wajukuu na vitukuu vya watu waliopita hapa wamefungwa, au waliookolewa majahazini wakapelekwa Mbweni na Masasi. Ukisema "sisi tulimiliki watumwa", mzee mmoja wa barazani atakujibu kwa haki, "Sema wewe! Bibi yangu ndiye aliyemilikiwa."

Tumelifikiri neno hili muda mrefu, na kitabu cha Danieli ndicho kilichotusaidia kidogo. Danieli alichukuliwa mateka angali kijana. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kusema kwamba makosa ya wazee hayamhusu, ni yeye. Hata hivyo, alipoomba kwa ajili ya watu wake, aliungama dhambi za wafalme na baba zao kwa neno "sisi". Hakuungama kwa kuwa yeye ndiye aliyetenda. Aliungama kwa kuwa watu wale walikuwa watu wake, na aibu yao hakuweza kuitupia jirani. Hatudai kwamba hilo humaliza ugumu wa yule mzee wa barazani. Huenda "sisi" yetu itabaki na pande mbili mpaka mwisho, aliyechomwa chuma na aliyekishika, wote katika meza moja.

Liko jambo la karibu zaidi. Hapa Bagamoyo twaishi na ndugu zetu Waislamu. Ni majirani, ni mashemeji, twazikana. Miaka mingi tumesimulia habari za utumwa kana kwamba dhambi ilikuwa ya watu wa upande mmoja na wokovu ulitoka upande wa pili. Jirani asiposema kitu si kwamba hakusikia. Biashara ya watumwa ya pwani hii ilikuwapo, ilikuwa mbaya, na waliofaidika nayo walikuwa wa dini na makabila mbalimbali. Lakini Unguja iliwekwa chini ya Uingereza mwaka 1890, na amri ya kuondoa utumwa haikutoka mpaka 1897. Huku bara Wajerumani hawakuufuta kabisa. Ukafutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hizo zilikuwa serikali za nchi za Kikristo. Tukimtaka jirani awe mkweli juu ya babu zake, na tuanze na zetu.

Tena uko uongo mdogo mdogo wa kujipatia sifa, au labda tuuite uzembe. Pale Mkunazini wageni huonyeshwa vyumba vya chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, wakaambiwa kwamba ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria wamelihoji jambo hilo, wakisema jengo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Sisi si wanahistoria. Lakini mateso ya watu wale ni ya kweli kiasi kwamba hayahitaji kuongezewa chumba.

Twashukuru kwamba ungamo limeanza. Februari 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa sehemu yake katika utumwa, na shamba la Codrington likatajwa kwa jina. Mwaka 2023 Kanisa hilo lilitangaza kutenga pauni milioni 100, baada ya kuonekana kwamba mfuko wake wa zamani uliweka fedha katika biashara ya watumwa. Mwaka uo huo USPG ikaahidi pauni milioni 7 kwa ajili ya Codrington, Barbados. Na Mei 2024 Justin Welby, aliyekuwa wakati ule Askofu Mkuu wa Canterbury, alihubiri Mkunazini akaomba msamaha. Alikiri pia kwamba baadhi ya wamisionari walioupinga utumwa waliwaona Waafrika kuwa wadogo kuliko wao. Neno hilo la mwisho lilitugusa kuliko fedha, maana Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890, na Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika nchi hii, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955. Hesabu miaka hiyo mwenyewe.

Mwalimu wa kipaimara alirudi darasani Jumapili iliyofuata, akasema mbele ya vijana, "Nilikosea," akawaeleza habari za Codrington. Twamheshimu sana kwa hilo. Yule kijana hakutosheka. Aliuliza kama majina ya wale watu 411 yanajulikana. Tulimjibu kwamba Barbados kulikuwa na madaftari ya watumwa tangu mwaka 1817, na majina yaliandikwa humo. Basi akauliza kama yaweza kupatikana, yasomwe kanisani kwetu siku ya Marehemu Wote, pamoja na ya wazee wetu. Halmashauri ya mtaa haijampa jibu.