Mwenye Nyumba Aliyekuwa Mpangaji

Wasomaji wetu wengi wakaao mijini waijua safari hii. Ama wameisafiri wenyewe, ama wamewaona ndugu zao wakiisafiri. Mtu atoka bara angali kijana, apanga chumba kimoja Manzese au Mbagala. Aoa, apata watoto, apanga chumba na sebule. Na baada ya miaka mingi ya kuhamahama apakia vitanda na masufuria juu ya gari, aende kukaa kwake. Kwa watu wa Dar es Salaam wa siku hizi huko kwake ni mbali na mji: Chanika, Mbande, Bunju, Goba, au Madale. Leo twataka kuifikiri safari hiyo, si kwa habari ya bei ya saruji, bali kwa habari ya moyo wa mtu. Je, mtu apatapo nyumba yake mwenyewe amepata nini hasa? Na je, awiwa nini na yule aliyebaki katika chumba alichokitoka yeye?

Tumtwae baba mmoja tunayemjua, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Kwa muda wa miaka 11 alikaa katika nyumba ya namna yetu ya pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani choo kimoja na bomba moja. Vyumba sita, jamaa sita. Wako watakaosema kwamba maisha ya namna hiyo yana uzuri wake, na ni kweli. Mtoto akiugua usiku hukosi wa kukusaidia, na chumvi huombwa mlango wa pili. Lakini tusiyasifu mno mambo yanayowaumiza wenzetu. Kodi ilidaiwa ya miezi sita kwa mara moja, na mara nyingine ya mwaka mzima, hata yule alipwaye mshahara kila mwezi hakuwa na budi ila kukopa. Dalali naye alichukua kodi ya mwezi mmoja kwa kuonyesha mlango tu. Ugomvi wa umeme haukwisha: je, mwenye jokofu na asiye nalo wachange sawasawa? Mkewe alipojifungua mtoto wa tatu, mama mwenye nyumba alimwuliza kwa upole kama hawajafikiri kutafuta mahali palipo pakubwa zaidi. Hakutukana wala hakufukuza, aliuliza tu. Baba huyo asema kwamba neno hilo la upole lilimwuma kuliko matusi.

Hapo zamani palikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo. Ile ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa zaidi kupatana wao kwa wao. Twakubali kwamba mapatano ni jambo jema. Lakini mapatano ya watu wawili, ambao mmoja ana funguo na mwenzake ana watoto barabarani, hayawezi kuitwa mapatano ya watu walio sawa.

Basi akanunua kiwanja Madale. Kwa asiyepajua, Madale ni upande wa kaskazini wa mji, katika Kinondoni, nyuma ya kilima cha Wazo ambako saruji imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1960, na barabara ya kwenda Goba yapita huko. Zamani palikuwa mashamba na pori. Sasa ni nyumba, na katikati ya nyumba ni kuta zisizo na paa zinazongoja fedha. Alitahadhari sana asije akauziwa shamba lililokwisha kuuzwa kwa mwingine, maana ugomvi wa viwanja pembezoni mwa mji umewatia wengi katika umaskini. Alikwenda mara nne bila dalali, akawauliza majirani, akamwuliza mzee aliyelima hapo kwanza. Kwa desturi watu huandikiana mbele ya mashahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa hugonga muhuri. Lakini muhuri ule si hati, na wengi wamelijua hilo wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Mwaka wa kwanza aliweka msingi. Mwaka wa pili hakuweka kitu, kwa kuwa mtoto aliingia shule ya bweni. Mwaka wa tatu kuta zikafika kwenye lenta, na mwaka wa sita akapaua. Alihamia kabla ya kupiga lipu, madirisha mawili yakiwa yamezibwa kwa mabati, na maji yakinunuliwa kwa boza. Jamaa zake walimcheka kwamba ahamia pagale. Yeye alikwisha kupiga hesabu: kodi ya miezi sita ingetosha kununua milango miwili. Na siku ya kwanza mkewe alifanya nini? Alitwaa nyundo, akapigilia msumari ukutani, akatundika picha ya harusi yao, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa miaka 11 picha hiyo ilikuwa imelala ndani ya sanduku.

Twadhani msumari ule wajibu sehemu ya swali letu. Mtu hatafuti nyumba kwa ajili ya kivuli tu, maana kivuli hupatikana hata kwa kupanga. Atafuta mahali ambapo neno lake ni la mwisho katika mambo madogo: wapi pa kupanda mpapai, nani alale sebuleni, mgeni akae siku ngapi. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alitaka mshahara uwe wa kumwezesha mtu kuweka akiba hata ajipatie mali yake kidogo. Waraka huo uliandikwa kwa ajili ya watu wa viwanda vya Ulaya, lakini mtu wa Madale aliyebeba tofali zake mwenyewe aweza kuuelewa bila mfasiri.

Hata hivyo yafaa mwenye nyumba mpya akumbuke jambo moja ambalo furaha yaweza kumsahaulisha. Katika nchi yetu hakuna aliye mwenye ardhi kwa ukamilifu. Umilikaji wa ardhi wa milele ulioachwa na wakoloni ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa ajili ya raia wote. Hati apewayo mtu ni ya kukaa na kutumia kwa miaka iliyohesabiwa, isiyozidi 99, na kila mwaka hulipa serikali kodi. Na kodi hiyo yaitwaje? Yaitwa kodi ya pango la ardhi. Pango! Basi baba yule aliyedhani ameagana na upangaji alibadili tu mwenye nyumba. Zamani alimpanga mama mmoja, sasa alipanga kwa taifa zima.

Tena hakujenga peke yake. Mkewe hakuwa na mshahara, lakini miaka sita hiyo alikaanga maandazi alfajiri, akapunguza nyama mezani, akalinda saruji isiibiwe. Walipoandikiana kiwanja, aliandikwa mume tu. Hatusemi kwamba alikusudia ubaya, hakufikiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini tangu lini mama wa watoto atafute mahakamani jina ambalo lingeandikwa kwa dakika moja, kalamu ikiwa bado mezani? Baba mwenye kusoma haya, itazame karatasi yako usiku huu.

Sasa twafika mahali pagumu. Baba yetu huyu amejenga vyumba viwili uani, vya kupangisha. Ana haki? Wako wazee wanaokumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilikwenda mbali zaidi, ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Sharti lile la viongozi lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo hakuna ashangaaye kumwona mkubwa mwenye nyumba kumi. Sisi hatudhani kwamba kupangisha ni dhambi. Vijana wanaoingia mjini kila siku watalala wapi, kama hakuna mtu wa kawaida aliyejenga chumba cha ziada? Lakini Azimio liliona jambo la kweli: mtu alaye kwa paa la mwenzake huanza kuyatazama mambo kwa jicho jingine, wala hajui ni siku gani jicho lake lilibadilika.

Tumeliona hilo mara nyingi, tena kwa watu wema. Aliyelia kwa kudaiwa kodi ya mwaka, adai ya mwaka. Ukimwuliza, husema ndiyo desturi ya mji, naye ana deni la bati. Deni hilo ni la kweli, hatulikatai. Lakini yule mama wa Manzese aliyeuliza kwa upole, labda naye alikuwa na deni la bati, na hakuna aliyemwuliza.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja fundi wa kuchomelea alikuja Madale na mkewe mwenye mimba, wakatazama vyumba vile viwili, wakapenda. Wakaambiwa warudi baada ya juma moja kusikia masharti. Jioni baba na mama walikaa barazani kuyapanga. Mama alisema kodi ya miezi miwili yatosha, na mtoto akizaliwa asiulizwe mtu neno. Baba alikaa kimya, akazungumza habari ya pampu ya maji, kisha akakaa kimya tena. Kijana atarudi Jumamosi hii.