Picha ya Utoto Katika Ngozi

Mwili ni mali ya kwanza ambayo mtu hupewa, nayo ni ya mwisho kuachana naye. Nguo huvuliwa, nyumba huhamwa, na hata jina huweza kubadilishwa; lakini ngozi ni vazi lisilovulika. Kwa sababu hii watu wa kila zama wamefikiri sana juu ya alama zinazotiwa katika ngozi. Swali la insha hii ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana: je, ni vyema mtu achanjwe katika mwili wake sura ya kiumbe wa katuni au wa mchezo wa video aliyempenda utotoni?

Viumbe hawa hawana damu, lakini wana umri na nasaba. Mickey Mouse alionekana katika filamu za Marekani mwaka 1928. Popeye, baharia mwenye kiko, alitokea katika magazeti ya nchi hiyohiyo mwaka 1929. Mario, mwenye masharubu na kofia, alibuniwa na Shigeru Miyamoto wa Japani, akaingia katika mchezo wa Donkey Kong mwaka 1981. Pikachu, kiumbe wa rangi ya manjano, alizaliwa katika michezo ya Pokémon mwaka 1996. Watoto wa Nairobi na Mombasa, kama wenzao wa Tokyo na Chicago, wamecheka na kulia pamoja nao. Baadhi yao, walipokuwa watu wazima, wamewatia katika mikono na migongo yao kwa chale za wino, ambazo vijana wa leo huziita tatuu.

Chale si jambo geni. Wamakonde wa Msumbiji, Tanzania na pwani ya Kenya walichanja nyuso zao zamani, na alama ile ilitangaza kabila la mwenye kuichukua. Hakuichagua kwa kupenda kwake tu. Alipokea kilichokuwa cha watu wake. Mabaharia wa Ulaya na Marekani nao walichora nanga katika mikono yao. Hata Popeye ana nanga mkononi, kwa kuwa nanga ilikuwa kazi yake na mkate wake. Basi chale za kale zilikuwa ushahidi wa jambo ambalo mtu aliishi kwalo. Chale ya katuni inashuhudia nini?

Wako wasemao ya kwamba haishuhudii neno lolote ila upuuzi. Husema ya kwamba mtu mzima asiyeweza kuachana na michezo ya utoto hajakua. Tena huongeza ya kwamba sura hizi ni bidhaa za makampuni, na mtu anayezichukua mwilini amejifanya ubao wa matangazo usiolipwa. Hoja hii ina nguvu, maana ni kweli kuwa sura zina wenyewe. Mickey Mouse wa filamu ya kwanza alikuwa chini ya haki ya mwenye kumtunga mpaka mwisho wa mwaka 2023. Ndipo mwaka 2024 sheria ya Marekani ilipomfanya mali ya watu wote.

Lakini hoja hii haimalizi shauri. Picha ni mali ya kampuni. Kumbukumbu ni mali ya mtoto. Mtoto hapendi kwa faida wala kwa hofu. Huenda upendo wake kwa kiumbe wa kuchorwa ukawa upendo wa kwanza alioutoa bila ya kuamrishwa. Tena katika mchezo alioanguka mara mia na kuuanza upya mara mia, alijifunza subira kabla ya kujua jina lake. Mtu anayemdharau mtoto yule kwa alichokipenda hudharau udongo ambamo wema wake mwenyewe uliota.

Yako maneno mengine ya kuitetea chale hii. Mtu anayechora jina la mchumba wake huiwekea rehani siku isiyojulikana, maana mchumba huweza kugeuka. Anayechora alama ya chama huweza kukiona chama kikiharibika. Lakini utoto umekwisha. Hauwezi kumsaliti mtu tena. Kwa hiyo anayechora picha ya utoto anashuhudia jambo lililotimia, naye yu karibu na kweli kuliko wale wawili.

Hata hivyo tusifurahie hoja hiyo upesi. Jambo lililopita halibadiliki, lakini hukumu yetu juu yake hubadilika. Mwili wenyewe watufundisha. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kuchunguza panya ya kwamba wino wa chale hushikwa na chembe za ulinzi zilizo ndani ya ngozi. Chembe hizo hufa, huuachia wino, na chembe mpya huudaka palepale. Picha hubaki, ingawa walinzi wake wamebadilika. Ndivyo alivyo mtu pia. Yule aliyekubali sindano leo siye atakayeichukua picha miaka thelathini ijayo. Mmoja hutia sahihi, na mwingine hulipa deni. Uhuru wa kujiamulia ni mkubwa, lakini una haki ndani yake, nayo ni haki ya mtu ambaye wewe mwenyewe utakuwa kesho.

Tena chale ina wasomaji wawili: anayeichukua na anayeiona. Japani, nchi iliyowazaa Mario na Pikachu, ilikataza chale tangu mwaka 1872 mpaka 1948. Kwa kuwa chale zimehusishwa kwa muda mrefu na magenge ya wahalifu, mabafu mengi ya watu wote huko hata leo huwazuia wenye chale. Mtu aweza kumchora Pikachu kwa shukrani, akaenda katika nchi ya Pikachu, akafungiwa mlango kwa ajili ya picha hiyohiyo. Moyo wake ulikuwa safi, lakini mlinda mlango hasomi moyo, husoma ngozi.

Basi tufanyeje? Mwenye dini na asikilize dini yake, kwa kuwa wako Waislamu na Wakristo wengi wanaofundishwa kuiacha ngozi kama ilivyoumbwa. Mwenye kujali afya akumbuke ya kwamba sindano chafu huweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kwamba kufuta chale kwa mionzi ya leza ni kazi ya gharama na maumivu. Lakini kwako, msomaji kijana, neno kubwa ni kungoja. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1969 ya kuwakataza wachoraji kuwachanja walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo haikuudharau upendo wa kijana. Ilimlinda mtu ambaye bado hajafika. Hakuna awezaye kuukumbuka utoto hali bado amesimama mlangoni mwake. Lazima kwanza utoke, uende mbali, ugeuke, ndipo uone ni kipi kilichobaki kinang'aa.

Na siku hiyo ikifika, jiulize swali moja: kiumbe huyu alinifundisha nini? Ukikosa jibu, picha itakuwa bubu katika ngozi yako, na kila atakayekuuliza habari zake atakuaibisha. Ukipata jibu, kama vile ushujaa, uaminifu kwa rafiki, au kuinuka baada ya kuanguka, jitazame tena kabla ya kuinyosha mikono yako kwa mchoraji. Kama watu huliona fundisho lile katika matendo yako, wino ni pambo tu, na waweza kuutaka au kuuacha bila hasara. Kama hawalioni, hapana sindano iwezayo kulitia.