TAFAKURI YA RAMADHANI: SIMU, LAINI NA SAA YA MVUKA MPAKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Leo nazungumza na wewe kijana wa Ruanda uliyevuka Tunduma kwenda Nakonde, Lusaka au mbali zaidi kutafuta riziki, na wewe unayefunga begi kuondoka baada ya Idi. Wazazi nao wasome, maana wao ndio wanaosubiri simu ilie.

Kitu cha kwanza mtu anachotafuta akifika ugenini ni simu na laini. Watu wanadhani hilo ni jambo la dunia tu, lakini dini imo ndani yake, tena hata saumu yako imo.

*Kwanza, saa.* Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Hapa mpakani simu hushika mtandao wa upande wa pili bila kukuuliza, na saa yake ikajirudisha. Chukua mfano: ratiba yetu inasema alfajiri ni saa 11:40. Simu yako imeshika Zambia, inaonyesha saa 10:40. Wewe unaendelea na ugali wa daku kwa raha zako, kumbe nje kumekucha! Allah katika Suratul Baqara aya ya 187 ameweka mpaka wa daku kwa alfajiri yenyewe, hakuuweka kwa minara ya simu. Aliyekula akidhani bado usiku, kisha akabaini alfajiri ilishaingia, wanavyuoni wengi wanasema ailipe siku hiyo.

Basi ewe wa Tunduma, zima ile sehemu ya saa kujipanga yenyewe, na mtandao uchague mwenyewe kwenye mipangilio. Utaokoa na vocha pia, kwa sababu bando likitumika kwenye mtandao wa nje linakwisha kabla hujamaliza salamu. Na wewe uliye Lusaka, usifuturu kwa ratiba ya kwetu hata ukitoa hiyo saa moja. Jua la huko halichomozi wala kuzama pamoja na letu. Fuata ratiba ya msikiti ulio karibu nawe.

*Pili, simu yenyewe.* Pesa ya kahawa uliyouza usiimalizie kwenye kioo kikubwa. Unachohitaji ni simu inayokaa na chaji na inayobeba laini mbili: moja ya huko, moja ya nyumbani. Laini ya nyumbani usiiache ife. Ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huifunga, na namba hiyo anaweza kupewa mtu mwingine. Siku mama anapiga, anapokea mgeni.

Ukinunua ya mtumba, tia laini yako ndani na upige kabla hujatoa hela, maana zipo simu zilizofungiwa mtandao mmoja. Bonyeza *#06# ulinganishe namba inayotokea na ile ya kwenye boksi. Mwaka 2016 TCRA ilipozima simu bandia, wangapi walibaki na vipande vya plastiki mkononi? Na wewe muuzaji unayejua kasoro ukanyamaza, kumbuka Mtume (S.A.W.) alitia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa. Akamkemea mwenye mali aliyeficha unyevu ule. Betri mbovu ndani ya kava jipya ni nafaka ileile.

*Tatu, mtandao.* Huko utakuta MTN, Airtel na Zamtel. Usichague kwa bango. Waulize wenyeji: pale ninapolala na pale ninapofanya kazi, upi unashika? Kisha sajili kwa hati yako ya kusafiria, kwa jina lako. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, wala usimsajilie mtu kwa kidole chako ili upate hela ya soda. Zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii" zinapita kwenye laini za namna hiyo. Anayeliwa ni bibi aliyekuwa anangoja hela ya mbolea, na jina linaloonekana ni lako. Jina lako ni amana. Hapa kwetu piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mwisho, yote haya ni ya nini? Ni kuunga udugu. Wapo vijana wana simu ya bei kubwa, bando la mwezi mzima, wanaonekana hewani hadi usiku wa manane, na mama yao hajasikia sauti yao tangu Shaabani. Simu ya namna hiyo ina mtandao, lakini mwenyewe hapatikani. Leo kabla ya futari, piga nyumbani. Dakika tano tu. Umuombe mama dua, maana dua ya mzazi kwa mwanawe ni katika zile zisizorudishwa.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu walio ugenini, wape riziki ya halali, zipokee saumu zetu na zao, na uwarudishe salama. Amin.

Mtumie ujumbe huu aliyevuka mpaka. Tarawehe leo ni baada ya Isha kama kawaida, inshaallah.