Wale wa Saa Kumi na Moja

Somo: Mathayo 20:1–16



Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kutafuta vibarua. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama, akakuta watu wengine bado wamesimama. Aliwauliza kwa nini hawana kazi, nao wakajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Akalipokea jibu lao, akawapeleka shambani.

Sisi tuliofika Australia kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya huambiwa mapema kwamba Waaborijini hawapendi kazi. Kabla hatujalibeba neno hilo, tufanye kama mwenye shamba. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga.

Tukiuliza, historia inatujibu. Kwa miaka mingi Waaborijini walichunga ng'ombe, walijenga uzio, walifua nguo na kulea watoto katika nyumba za watu wengine. Huko Queensland, sheria ya mwaka 1897 na zilizoifuata ziliipa serikali mamlaka ya kushika mishahara yao, na wengi hawakuiona kamwe. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ilikubali kulipa dola milioni 190 ili kumaliza kesi ya mishahara hiyo. Wengi waliovuja jasho hilo walikuwa wamekwisha kufariki. Yakobo 5:4 inatufundisha kwamba Mungu husikia kilio cha ujira uliozuiliwa.

Tarehe 23 Agosti 1966, mzee Vincent Lingiari aliwaongoza Wagurindji kuacha kazi katika ranchi ya Wave Hill, Northern Territory. Walidai malipo ya haki, kisha wakadai ardhi ya babu zao. Walivumilia miaka tisa, hadi Waziri Mkuu Gough Whitlam alipomimina udongo katika kiganja cha mzee huyo mwaka 1975. Je, hao ndio wavivu?

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, miaka mingi baadaye watafiti walituma maelfu ya maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana, wakibadilisha majina tu. Mwenye jina la Kiaborijini alihitaji kutuma maombi zaidi kwa asilimia 35 ili aitwe kwenye usaili sawa na mwenye jina la Kiingereza. Katika sensa ya 2021, kati ya wenyeji wa asili wenye umri wa miaka 25 hadi 64, waliokuwa na kazi ni asilimia 56 hivi. Bado wapo wanaosimama mpaka saa kumi na moja.

Wapendwa, sisi tunajua jina geni linavyosomwa kwenye barua ya maombi. Tunajua kuulizwa uzoefu wa hapa na mtu ambaye hajakupa nafasi ya kuupata. Lakini sisi tulikuja. Wao wako kwao. Mgeni kudharauliwa ugenini ni uchungu, na mwenyeji kufanywa mgeni nyumbani kwake ni uchungu zaidi.

Baadhi yetu sasa ni wasimamizi katika usafi, maghala na nyumba za kutunzia wazee. Nafasi ikitokea, tusiishie kuwaita wa kwetu tu. Mwenzetu asiye na gari, tumpe lifti ya kwenda kazini. Dhihaka zikianza wakati wa chai, tusizichekee. Na watoto wetu wasijifunze nyumbani kwetu kumdharau mwenye nchi.

Mwenye shamba alitoka mara tano kwa siku moja. Nasi tusichoke kutoka.

Tuombe: Ee Bwana, utufanye wepesi wa kuuliza na wazito wa kuhukumu. Uwakumbuke wanaosimama wakingoja kuitwa, na utufungue mikono tuwe jibu lako kwao. Amina.