Yeye Tumwitaye Dada

Somo: Ayubu 31:13–15, Wakolosai 4:1



Neno la mwezi huu latoka katika kinywa cha Ayubu. Mali yake ilikuwa imepotea, watoto wake wamekufa, na rafiki zake wanamshitaki. Naye akajipima mbele za Mungu, akayachunguza matendo yake moja moja. Katika kujichunguza huko alijiuliza kama amepata kuidharau haki ya mtumwa wake au ya mjakazi wake, hapo walipokuwa na neno juu yake. Tena akajiuliza atajibu nini siku Mungu atakapomwita atoe hesabu. Maana yeye aliyemfanya bwana tumboni mwa mama yake, ndiye aliyemfanya na mtumishi.

Na tuliangalie vema jambo hili. Ayubu hakuuliza tu kama alimpa mtumishi wake chakula na nguo. Aliuliza juu ya haki yake. Alijua ya kuwa mtumishi aweza kuwa na neno la kweli juu ya bwana wake, na ya kuwa imempasa bwana kulisikiliza. Kwa hiyo nasi twataka kuuliza leo juu ya mtu aliye karibu nasi kuliko wote wafanyao kazi, yaani mtumishi wa nyumbani: yeye aamkaye kabla yetu akawasha moto, akafagia, akafua, akampa mtoto uji, tena alalaye baada yetu.

Katika miji yetu mtumishi huyu ana jina. Aitwa dada. Watoto wamwita dada, mama mwenye nyumba amwita dada, hata mgeni asiyelijua jina lake la ubatizo amwita vivyo hivyo. Ni jina zuri. Lakini jina zuri laweza kulifunika jambo baya, kama vile kitambaa cheupe kiwezavyo kulifunika kidonda kisichooshwa.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923, iliyowahusu mabwana na watumishi wenyeji, ilimhesabu mtumishi aliyeacha kazi kabla ya mapatano kwisha kuwa mtu aliyetenda jinai. Aliweza kutozwa faini au kutiwa kifungoni. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na siku 30 za kazi zilipasa zitimie ndipo wapokee mshahara wao. Sheria hiyo ilikuwa upande wa mwenye shamba. Baadaye zilikuja sheria nyingine, na mwaka 2004 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo yatumika Tanzania Bara. Sheria hii haimtengi mtumishi wa nyumbani. Afanyaye kazi jikoni amo ndani yake kama afanyaye kazi kiwandani.

Basi yasema nini? Yasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe kamwe, na aliyefika miaka 14 apewe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Yasema mapatano ya kazi yaandikwe, na kama mfanyakazi haelewi maandishi, aelezwe kwa njia atakayoifahamu. Kazi ya kawaida isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Apumzike saa 24 mfululizo kila juma. Mwaka ukitimia apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Glasi ikivunjika, mshahara usikatwe kwa hasira: kosa lionyeshwe kwa maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwanamke ajifunguaye apate siku 84 za likizo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Wala mimba yake isiwe sababu ya kumfukuza. Tena aliyetolewa mahali pengine aje afanye kazi, kazi ikiisha, bwana wake amsafirishe yeye na vitu vyake hata mahali alipomtoa, au amlipie safari hiyo.

Na mabadiliko hayakukoma hapo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi wa nyumba ya kawaida alalaye kwa bwana wake. Ile iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 ikaweka shilingi 60,000. Mwezi wa Oktoba 2025 ilitangazwa amri nyingine, ianze tarehe 1 Januari 2026. Mwaka huo wa 2025 sheria yenyewe ilirekebishwa pia, ili mama aliyejifungua mtoto kabla ya wakati aongezewe siku za kumlea.

Habari kama hizi zinapotangazwa, sisi tulioajiriwa maofisini, mashuleni na hospitalini twafurahi. Twahesabu siku zetu, twahesabu nyongeza yetu, nayo ni haki yetu. Lakini na tujiulize: katika nyumba ngapi za Wakristo habari hizo zilifika jikoni? Mama mmoja apewa likizo ya uzazi na mwajiri wake, akamshukuru Mungu ibadani. Na mwaka uleule mtumishi wake aonekanapo ana mimba, afungiwa vitu vyake katika mfuko na kupelekwa kituo cha mabasi kabla ya jua kuchwa. Sheria iliyomlinda yule ilimlinda na huyu. Mmoja aliijua na kuitumia. Mwingine hakuna aliyemwambia.

Maana sheria ina miguu, lakini haifiki kila mahali. Afisa wa kazi aonekana kiwandani na mashambani. Nyuma ya mlango wa jikoni ni nadra kumwona. Huko hakuna msimamizi, wala kengele ya kumaliza kazi, wala mwenzake wa kushuhudia. Yuko bwana, yuko mtumishi, na yuko Mungu aonaye sirini. Ndiyo sababu Mtume Paulo, aliposema na mabwana wa Kolosai, hakuwatisha kwa baraza la mji, bali aliwaagiza wawape watumishi wao yaliyo haki na ya usawa, wakijua ya kuwa wao nao wana Bwana mbinguni.

Twajua udhuru unaotolewa. Wa kwanza ni huu: "Huyu si mtumishi, ni kama mtoto wetu, ala pamoja nasi, avaa nguo zetu." Ndugu, tupime maneno haya kwa mizani ya kweli. Kama ni mtoto wetu, mbona watoto wetu wamekwenda shule naye amebaki na sufuria? Mbona hana kitanda, naye alala sakafuni katika chumba cha gunia za mkaa? Na kama si mtoto wetu, basi mshahara wake uko wapi? Amwitaye mtu mtoto ili asimlipe, kisha akamtumikisha kama kibarua ili asimlee, amemnyima mambo mawili pamoja: fungu la mtoto na ujira wa mfanyakazi.

Udhuru wa pili wasema: "Twamtunzia fedha zake, asije akazipoteza, atazipata siku ya kwenda kwao." Miezi yapita, mwaka wapita. Siku ya kwenda kwao yafika, ndipo yahesabiwa sahani zilizovunjika, na dawa aliyonunuliwa alipougua, na kanga aliyopewa Krismasi, hata fedha zote zayeyuka. Torati ya Musa yaamuru kibarua alipwe siku yake, jua lisichwe juu ya ujira wake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake waungojea. Naye Yakobo aonya ya kuwa ujira uliozuiliwa kwa hila wapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama mtumishi ataka kuweka akiba, vema. Iwekwe kwa jina lake, naye ajue hesabu yake.

Udhuru wa tatu una uzito zaidi, wala hatutaudharau. Wako wasemao: "Nasi mshahara wetu ni mdogo. Mimi ni mwalimu, mimi ni muuguzi, mimi ni mjane mwenye genge la mboga. Nisipokuwa na msichana wa kulinda watoto, siwezi kwenda kazini." Ni kweli, na mzigo huu usharika wote yapasa kuubeba pamoja. Majirani waweza kushirikiana mlezi mmoja na kumlipa kwa umoja. Mtaa waweza kufungua mahali pa kulelea watoto wadogo mchana. Mwingine aweza kumwajiri mtu kwa saa chache, na kazi nyingine tukaifanya kwa mikono yetu wenyewe na ya watoto wetu, baba naye asijione mgeni jikoni. Lakini neno moja haliwezekani: umaskini wetu haugeuzi ujira wa mwenzetu kuwa mali yetu. Maskini akimnyang'anya maskini, dhambi haipungui.

Tena twataka kusema juu ya siku ya Bwana. Katika amri kumi Mungu hakuwapa pumziko wenye nyumba peke yao. Alimtaja na mtumwa, alimtaja na mjakazi. Jumapili twawavika watoto viatu vyeupe, twaja ibadani, twaimba. Naye dada abaki nyumbani akichambua mchele, ili chakula kiwe tayari turudipo. Wengi wao wana umri wa mafundisho ya kipaimara. Walibatizwa vijijini mwao, huko Iringa, Singida au Kigoma. Wakaja mjini kwa Wakristo wenzao, na katika nyumba ya Wakristo Ukristo wao ukasinzia kwa kukosa nafasi. Mzazi aliyemkabidhi binti yake kwetu alisema moyoni, "Nafurahi, amekwenda kwa watu wa kanisa." Tutamjibu nini?

Wala hatusemi hayo ili mtumishi ajivune au aitende kazi yake kwa ulegevu. Neno la Mungu lamwagiza afanye kazi kwa moyo, kama kwa Bwana wala si kwa wanadamu. Asiibe sukari, asimpige mtoto aliyekabidhiwa, asiondoke usiku bila kuaga. Uaminifu wake nao ni ibada. Lakini tusiianze hotuba hii kwake, kwa maana mwenye nguvu ndiye wa kwanza kuulizwa.

Basi tufanye nini? Kila mwenye mtumishi na aketi naye juma hili, sebuleni wala si mlangoni, wayaandike mapatano yao: kazi, saa, mshahara na siku ya kuulipa, siku ya kupumzika, likizo na nauli. Kila mmoja awe na karatasi yake. Kama mapatano ya zamani yako chini ya amri mpya, yarekebishwe. Kama kuna miezi isiyolipwa, ilipwe. Kama haiwezekani kwa mara moja, iwekwe tarehe ya kila fungu. Kama mtoto wa miaka 12 ashika ufagio wetu badala ya daftari, arudishwe shule, ama kwao kwa gharama yetu, ama hapa kwetu kama mtoto kweli.

Wazee wa kanisa na umoja wa wanawake na wawatembelee watumishi kama wawatembeleavyo washarika wengine, waulize habari zao kwa upole, wawaandikishe katika mafundisho. Mtumishi akifukuzwa kwa udhalimu, asiachwe alie peke yake kituoni. Atafutiwe mahali pa kulala, tena aongozwe mapema kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Maana shauri la kufukuzwa hupelekwa kabla ya siku 30 kupita, na madai mengine siku 60. Aliyechelewa kwa kutojua aweza kuikosa haki yake. Ajulishwe pia ya kuwa kiko chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kiwaunganishacho watumishi wa mahotelini na wa majumbani. Na ikiwa bwana wake ni mzee wa kanisa, au ni mhudumu wa neno, tusimfiche.

Labda mioyo yetu yatuhukumu tusomapo haya. Na ituhukumu; lakini isituache hapo. Zakayo naye alikuwa na mali ya watu nyumbani mwake. Bwana Yesu hakungoja alipe kwanza ndipo aingie kwake. Aliingia, na kwa ajili ya kuingia kwake Zakayo aliufungua mfuko, akarudisha. Ndivyo neema itendavyo. Bwana wetu mwenyewe alitwaa namna ya mtumwa, akajifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya mtumishi wa nyumba. Amdharauye afuaye na kuosha, na aangalie asije akamdharau yeye.

Filemoni alirudishiwa Onesimo, aliyemtoroka akiwa mtumwa, ili ampokee kama ndugu mpendwa. Sisi jina tumekwisha kulitoa, kila asubuhi twaita, "Dada!" Na tulitimize: kwa ujira uliotimia, kwa pumziko, kwa kitanda, kwa nafasi katika kiti cha ibada kando yetu.

Mungu Baba, aliyetuumba sote kwa udongo mmoja, atupe macho ya kumwona aliye karibu nasi, na mikono ya kumtendea haki, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.